Ruzuku Hupita Bombani



Naanza na hesabu ya shule ya msingi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20, kwa hiyo uniti moja ni ndoo 50. Kwa miaka kadhaa mteja wa nyumbani wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, alitozwa shilingi 1,663 kwa uniti, yaani shilingi 33 na senti kidogo kwa ndoo. Sasa mchukueni mpangaji asiye na bomba. Jirani akimuuzia ndoo kwa shilingi 100, uniti yake imefika 5,000. Akiletewa na mkokoteni kwa shilingi 500, uniti ni 25,000. Maji ni yale yale ya Mto Ruvu, yametibiwa kwenye mtambo ule ule, na pengine yamesafiri katika bomba lile lile hadi kichochoro cha tatu kabla ya kwake.

Hesabu hii kila mkazi wa jiji anaijua, hata kama hajawahi kuiandika. Sikuja kuwafundisha kwamba asiye nacho hulipa zaidi. Hilo mnajua kuliko mimi. Nimekuja kuuliza kwa nini miaka sitini ya sera, nyingine nzuri kabisa, haijaigeuza. Jibu langu nalitoa mapema, wasije wengine wakasinzia kabla sijalifikia: fedha tunazozitenga kumsaidia asiye na huduma tunazipitisha ndani ya bomba, na kinachopita ndani ya bomba humfikia mwenye bomba.

Nchi zetu zina bahati ambayo wengi hawaijui. Kati ya 1966 na 1968, Gilbert White, mwanajiografia wa Chicago, mkewe Anne White, na daktari David Bradley aliyekuwa Makerere, walipima matumizi ya maji majumbani katika maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Hawakuridhika kuuliza tu. Walihesabu vyombo, wakapima umbali, wakaangalia nani anakwenda kuteka na anarudi baada ya muda gani. Kitabu chao kilitoka 1972. Hapa Dar es Salaam walipima Oysterbay, Upanga, Chang'ombe na Temeke, na anayeijua ramani ya jiji hili ataona mara moja walichokifuata. Oysterbay ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, Upanga ikawa ya Wahindi, Temeke ikaachiwa Waafrika. Mabomba yetu yalifuata rangi ya ngozi kabla hayajajifunza kufuata mfuko.

Miaka thelathini baadaye, 1997, timu nyingine ilirudi katika karibu maeneo yote hayo. Humo alikuwamo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, James Tumwine wa Makerere, Munguti Katui-Katua wa Kenya, pamoja na John Thompson na wenzake kutoka London. Utafiti wa kurudia namna hii ni adimu hata katika nchi zenye fedha nyingi za utafiti. Walichokikuta mijini ni hiki. Katika nyumba zenye bomba, matumizi ya kila mtu yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu. Mwaka 1967 karibu nyumba zote zenye bomba zilipata maji saa ishirini na nne. Mwaka 1997 ni zaidi kidogo ya nusu tu. Kwa kaya zisizo na bomba lita ziliongezeka, lakini muda wa kuteka uliongezeka zaidi ya mara tatu, kutoka wastani wa dakika 28 kwa siku hadi 92.

Mtakwimu anayetafuta pengo peke yake angeandika kwamba usawa umeongezeka. Na kweli uliongezeka: Oysterbay nayo ilianza kuagiza boza. Lakini tazameni kila upande ulijiokoa vipi. Mwenye uwezo alinunua simtanki, akaweka pampu, akachimba kisima, na maji ya bomba yakawa kwake ni nyongeza. Asiye na uwezo aliamka saa tisa usiku kupanga ndoo kwenye foleni. Kwa mwanauchumi, la kwanza ni baya kuliko linavyoonekana, maana aliyejichimbia kisima hapigi tena simu kulalamika maji yakikatika, na simu yake ndiyo iliyokuwa ikipokelewa.

Naomba nikae kidogo kwa Bradley, kwa sababu wachumi huwa tunamruka. Kutokana na kazi ile alipanga magonjwa ya maji kwa makundi, na kundi moja lilibadili namna ya kufikiri: magonjwa yanayoletwa na uchache wa maji hata kama maji yenyewe ni safi. Upele, trakoma, na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto huenea pale ambapo hakuna maji ya kutosha kunawa mikono na uso, kufua, kumsafisha mtoto. Mama mwenye ndoo mbili kwa watu watano hupika kwanza. Kunawa kunasubiri. Ukimpelekea vidonge vya kutibu maji umemsaidia, lakini tatizo lake kubwa ni lita.

Basi lita hutegemea nini? Tungetarajia kwamba kadiri chanzo kinavyosogea karibu, ndivyo watu wanavyochota zaidi. Data za Afrika Mashariki, na nyingine zilizokusanywa baadaye kwingineko, zinaonyesha umbo la ajabu. Chanzo kikiwa mbali sana, zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi, lita ni chache mno. Kikisogea ndani ya nusu saa zinapanda. Halafu, kuanzia hapo hadi kufikia dakika chache tu kutoka mlangoni, hazibadiliki sana. Mtu wa mita 800 na mtu wa mita 200 wanachota karibu sawa. Kinachozirusha lita juu ni maji kuingia uani. Kuna uwanda mrefu tambarare kati ya bomba la mtaa na bomba la nyumbani, na juu ya uwanda huo ndipo tulipojenga sera yetu ya maji.

Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka ishirini wa kufikisha maji safi ndani ya mita 400 kutoka kila kaya vijijini. Lengo la 1991 halikufikiwa, na Sera ya Maji ya 2002 ikalirudia: mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Siwakejeli walioiandika, kwa anayetembea kilomita tano, mita 400 ni ukombozi. Ila hebu tukihesabu kituo hicho. Watu 250, kila mmoja ndoo moja, ni ndoo 250 kwa siku. Ndoo moja ichukue dakika mbili, kujaa, kutwikwa na kupisha mwenzio. Hizo ni dakika 500, zaidi ya saa nane za maji yasiyokatika na foleni isiyogombana. Wangapi kati yetu wameiona foleni hiyo?

Vipimo vya kimataifa havijatusaidia sana hapa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu kaya kuwa na huduma ya msingi iwapo inatumia chanzo kilichoboreshwa na safari nzima, foleni ikiwamo, haizidi dakika 30. Safari nzima moja, lakini. Familia inayohitaji ndoo tano, ikaenda mara tano kwa dakika 25, imetumia saa mbili na dakika tano, na kwenye jedwali imepita mtihani. Kipo kipimo cha juu zaidi kinachodai maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yawe salama. Hicho mawaziri wetu hawakipendi, kwa sababu asilimia zake hazifai kusomwa bungeni.

Muda huo wa foleni una bei gani? Swali hili liliulizwa Ukunda, pwani ya Kenya, nyuma tu ya hoteli za Diani, katika miaka ya 1980. Dale Whittington na wenzake walikuta mji ambao watu walikuwa na uchaguzi: kisima cha bure lakini cha kutembea, kioski cha karibu zaidi kwa senti kidogo, au mchuuzi anayeleta maji hadi mlangoni kwa bei ya mara kadhaa ya kioski. Kwa kuangalia nani kachagua nini, waliweza kukokotoa kila kaya inauthamini vipi muda wake. Matokeo yaliyochapishwa 1990 yalikaribia ujira wa kibarua. Wataalamu wa miradi walikuwa wakiuwekea muda wa mama wa kijijini thamani ndogo mno, wakati mwingine sifuri, kwa hoja kwamba hana kazi nyingine. Watu wa Ukunda waliwajibu kwa sarafu zao wenyewe.

Na hapa nimtetee mtu asiyetetewa, muuza maji wa mkokoteni. Kila ukame, kama ule wa Oktoba na Novemba 2022 Ruvu iliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao, yeye ndiye anayetukanwa redioni. Lakini bei yake ina foleni ndani, ina madumu yanayopasuka, ina matairi, ina kusukuma nusu tani juu ya mchanga wa Mbagala. Anauza kitu ambacho mamlaka haikukileta, yaani zile mita za mwisho. Mkimkamata, ndoo haishuki bei, inapotea.

Sasa niiguse ruzuku yenyewe. Njia tunayoipenda ni kushusha bei ya uniti. Mwanasiasa anaielewa, gazeti linaiandika, mpiga kura anaisikia. Lakini bei ya uniti inamhusu mwenye dira. Tukishusha bei ile ya 1,663 hadi 1,000, mwenye bustani anayemwagilia majani amepata ruzuku kwa kila lita anayoimwaga, na mpangaji anayenunua kwa ndoo bado analipa 100, kwa sababu jirani yake haangalii ankara anapopanga bei, anaangalia foleni.

Wenye huruma zaidi hupendekeza bei ya ngazi: uniti chache za mwanzo rahisi, zinazofuata ghali. Kwa karatasi ni haki tupu. Whittington huyo huyo alionya mwaka 1992 kwamba katika miji yetu ngazi hiyo inaweza kugeuka kichwa chini, na mtu wa Dar es Salaam hahitaji fomula kumwelewa. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba familia, dira moja. Maji ya familia sita yanajumlishwa, yanaruka ngazi ya kwanza na ya pili, yanakaa juu. Kule kwenye nyumba ya geti, baba na mama ambao watoto wao wako ng'ambo wanabaki ngazi ya chini mwezi mzima. Ruzuku imetengenezwa kwa ajili ya maskini, ikapokelewa na mstaafu mwenye geti. Simwonei, na yeye hakuiomba.

Kinachomzuia mpangaji au mwenye kibanda si bei ya mwezi. Angelipa 1,663 kwa furaha, maana sasa analipa mara tatu au zaidi. Kinachomzuia ni ile fedha ya mkupuo: fomu, mita za bomba kutoka laini kuu, dira, fundi, na wakati mwingine kishoka anayejifanya fundi. Anayepata fedha kwa siku hulipa kwa siku. Ndoo inamfaa kwa sababu inauzwa kwa kipimo cha mfuko wake, hata ikiwa ghali.

Umeme unatuonyesha jambo hilo hilo kwa uwazi zaidi. Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walikwenda magharibi mwa Kenya wakapima nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Nguzo zilikuwepo, serikali ilikwisha tumia fedha, lakini ni kama kaya moja kati ya ishirini za vijijini iliyokuwa imeunganishwa. Gharama ya kuunganishwa ilikuwa shilingi za Kenya 35,000. Mwaka 2015 serikali ikaishusha hadi 15,000. Katika jaribio lao la kugawa punguzo, punguzo la nusu nusu liliwaleta watu wachache kuliko ilivyotarajiwa, na walipotoa bure karibu wote walikubali. Watafiti hao hao walihitimisha kwamba faida kwa kaya haikufikia gharama ya kuzifikishia umeme. Nalitaja hilo kwa sababu wako wenzangu ukumbini wangelitaja. Lakini umeme bila fedha ya pasi wala friji ni taa mbili na chaji ya simu. Maji hayangoji ununue kifaa. Ndoo unayo tayari.

Hapa kwetu, kuunganisha umeme kijijini kumefikia shilingi 27,000, na kwa muda mfupi bei hiyo ilitumika hadi mijini, kabla ya mijini kurudishwa hadi 320,960 Januari 2022. Kwenye umeme, basi, tulikwisha kukubali kwamba mlango, yaani kuunganishwa, ndipo penye tatizo. Kwa nini kwenye maji bado tunabishana kuhusu bei ya uniti, sijapata maelezo ya kuniridhisha. Muongo mmoja tuliumaliza kubishana nani ayaendeshe maji ya jiji. Mwaka 2003 ilikuja City Water, kampuni binafsi, Mei 2005 mkataba ukavunjwa, kesi zikaendelea ughaibuni kwa miaka. Ulikuwa ubishi wa lazima, ila pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia wateja, na mtu ninayemzungumzia si mteja wa yeyote. Marianne Kjellén, aliyeandika tasnifu yake ya 2006 kuhusu maji ya jiji hili, alionyesha jinsi wakazi wengi walivyopata maji kutoka mikononi mwa wakazi wenzao, majirani na wachuuzi. Mamlaka iliuza maji kwa wachache, na wachache waliwauzia wengi.

Tanger, Moroko, walijaribu mlango. Florencia Devoto, Esther Duflo, Pascaline Dupas na wenzao waliwapa wakazi wa mitaa ya kawaida mkopo usio na riba wa kuunganisha bomba, pamoja na msaada wa kujaza makaratasi. Karibu asilimia 70 waliunganishwa. Kwa wasiosaidiwa ilikuwa kama 10. Ankara zao zilipanda. Magonjwa hayakupungua, maana bomba la mtaa walilokuwa wakitumia lilikuwa na maji safi tayari. Hata hivyo walikuwa tayari kulipa, na walipoulizwa walisema maisha yamekuwa mepesi: muda umepatikana, na ugomvi na majirani umepungua. Napenda sana kwamba kuna jarida la uchumi lililochapisha ugomvi wa majirani. Yeyote aliyeishi kwa kuomba maji ua wa mwenzie anajua kwamba ndoo ina bei nyingine isiyoandikwa: kuamkia kwa unyenyekevu, kunyamaza mtoto wako akipigwa, kuambiwa "leo hayatoki" huku unayasikia yakitiririka.

Kampala ilifanya kitu ambacho ningependa tukiige. Mwaka 2004 shirika la maji la Uganda lilianza kuwaunganisha bila kuwatoza vifaa wateja wapya walio ndani ya mita 50 kutoka bomba kuu, na gharama ikafidiwa kwa kupandisha kidogo bei ya uniti. Oneni jinsi fedha ilivyogeuzwa njia. Waliokwisha ingia walichangia kumfungulia aliye nje. Baadaye wakaweka pia mabomba ya mtaa ya kulipia kwa tokeni, ili mchotaji alipe bei ya mamlaka bila dalali katikati. Si pepo, aliye mita 70 alibaki nje. Lakini mwelekeo wa shilingi ulikuwa sahihi.

Mhandisi mmoja aliniuliza wiki iliyopita: ukiwaunganisha wote, maji utayatoa wapi, nawe unaijua Ruvu? Naijua. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imepanuliwa, na Novemba 2022 ilitukumbusha kwamba mtambo mkubwa juu ya mto mkavu ni majengo tu. Lakini watu ninaowasema hawaishi bila maji. Wanakunywa Ruvu hiyo hiyo, kupitia kwa jirani. Kinachobadilika ni nani anapokea fedha, na kama zinarudi kwenye mtandao au zinaishia uani. Sehemu kubwa ya maji yanayosukumwa leo hayafiki kwenye ankara ya mtu yeyote, yanavuja au yanaibwa. Humo mna maji mengi kuliko yatakayodaiwa na Temeke yote.

Wanafunzi wangu, ninyi ndio mtakaoshika madodoso. Dodoso letu huuliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa, na mtu anajibu "bomba", kwa sababu kweli yanatoka bombani, la jirani. Ulizeni ndoo ngapi jana. Ulizeni bei, aliyekwenda kuchota ni nani, alirudi saa ngapi, na dira iko kwa jina la nani.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi kitaaluma, na sina data yake. Tukigharimia kuunganisha, dira itawekwa kwa jina la mwenye nyumba. Nyumba yenye bomba uani hupangishwa ghali kuliko isiyo nalo. Mpangaji atapata ndoo kwa bei ya mamlaka, kisha mwezi wa tatu atapandishiwa kodi ya chumba. Kama kodi itapanda kwa kiasi kile kile alichookoa kwenye maji, ruzuku yetu itakuwa imepita bombani kwa mara nyingine, safari hii ikaingia mfukoni mwa mwenye nyumba. Kama itapanda kwa nusu, mpangaji amefaidi nusu na muda wake wote. Jibu linategemea vyumba vingapi viko wazi mtaani, na kama nyumba za jirani nazo zimeunganishwa kwa wakati mmoja. Mtaa mzima ukiunganishwa kwa pamoja, hakuna mwenye bomba peke yake wa kulitangaza. Hiyo inanifanya niamini kwamba kazi ifanywe mtaa kwa mtaa, si kwa anayejitokeza dirishani. Kuamini si kujua, na ndiyo maana tunaanza kukusanya takwimu za kodi za vyumba mwaka huu, kabla mabomba hayajafika.

Najua ukumbini humu wamo wenye nyumba. Ningependa kipindi cha maswali kianze nao.